Maswali ya Wasomaji: Kuchua, Hogo, Bamia na Magoti Yanayolia

Ukurasa wa afya mwezi huu ni wa mifupa na viungo. Maswali yaliyotufikia yanazidi nafasi tuliyonayo, kwa hiyo tumechagua yale yanayorudiwarudiwa. Majibu yameandaliwa na madaktari wa mifupa pamoja na wataalamu wa fiziotherapia.

Mwanangu ana miaka 6. Juzi alianguka kutoka mwembeni, akatua na kiganja, kiwiko kikavimba. Jirani yetu ni mzoefu wa kuchua, akamchua kwa mafuta ya nyonyo na kumfunga vijiti. Tangu jana usiku mtoto halali. Vidole vimevimba na ukivigusa anapiga kelele. Nisubiri uvimbe ushuke ndipo nimpeleke hospitali?
*Mama, Muheza*

Usisubiri hata saa moja, mama. (Swali hili lilijibiwa kwa simu siku lilipofika, tunalichapisha kwa ajili ya wazazi wengine.)

Mtoto wa miaka 5 hadi 8 akianguka huku amenyoosha mkono, panapovunjika mara nyingi ni juu kidogo ya kiwiko, kwa sababu mfupa wa juu wa mkono ni mwembamba sana pale. Kipande cha chini kinarudi nyuma, na ncha kali ya kipande cha juu inachomoza mbele, ambako ndiko unakopita mshipa mkubwa wa damu wa mkono na neva inayoendesha vidole. Kwa hiyo kabla hujauliza kama mfupa umevunjika, angalia kama damu inafika vidoleni. Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, kisha achia: rangi irudi kabla hujamaliza kuhesabu moja, mbili. Halafu mfanye mtoto acheze: aunganishe ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha shahada vitengeneze duara. Akiishia kubana vidole vikiwa bapa, bila duara, neva imeguswa.

Dalili ya kuogopwa kuliko zote ni hiyo uliyoitaja. Ukimnyoosha kidole taratibu naye akalia kupita kiasi, maana yake misuli ya mkono wa chini imevimba ndani ya mfuko wake usiotanuka, na damu imeanza kuzuiwa. Misuli iliyokosa damu huanza kufa baada ya saa 6 hivi. Ikishakufa hukauka na kujikunja, na mtoto anabaki na vidole vilivyojikunja maisha yote. Kitambaa kilichokazwa juu ya mkono unaoendelea kuvimba kinaharakisha mambo.

Fungua vijiti na kila kitambaa sasa hivi. Laza mkono juu ya mto, usawa wa moyo, kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo tu. Kukikunja sana kunabana mshipa. Kata boksi la karatasi ngumu lianzie karibu na kwapa hadi kwenye kiganja, uufunge mkono juu yake kwa khanga, ulegeze kiasi cha kidole chako kupita chini ya fundo. Vidole vikibadilika rangi baada ya kufunga, fungua tena. Mpe parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, yaani miligramu 300 kwa mtoto wa kilo 20, na maji mafundo mawili. Chakula asile, kwa sababu huenda akahitaji usingizi wa upasuaji. Kwa kawaida mfupa hurudishwa mahali pake, ukashikizwa kwa pini mbili au tatu nyembamba zinazotolewa baada ya wiki 3 au 4.

Sasa kuhusu kuchua. Kuchua mahali palipovunjika kunasogeza vipande, kunaongeza damu inayovujia ndani, na kwenye kiwiko hasa kunaweza kufanya mfupa uote ndani ya msuli, kiwiko kikagoma kukunjika kabisa. Hatumtukani jirani. Waganga wa mifupa wana sifa kwa sababu mifupa mingi ya watoto hujiunga yenyewe. Mtulinga wa mtoto ukivunjika, ufungwe usifungwe, kwa kawaida utaunga. Mganga anapata sifa kwa huo, kisha anatumia mkono uleule kwenye kiwiko. Bila eksirei hana namna ya kuutofautisha mmoja na mwingine.

Nilivunjika muundi kwa ajali ya bodaboda, nikafungwa hogo kutoka pajani hadi vidoleni. Hii ni wiki ya nne. Maumivu yamekwisha ila linawasha balaa, najikuna kwa spoku ya baiskeli. Naweza kulikata mwenyewe? Na supu ya makongoro inaharakisha mfupa kuunga?
*Kijana, Uyole, Mbeya*

Kwanza weka hiyo spoku chini. Ngozi iliyo ndani ya hogo ni laini na imelowa jasho. Mkwaruzo mdogo unakuwa kidonda, kidonda kinatoa usaha, na usaha uliofungiwa juu ya mfupa uliovunjika unaweza kuingia kwenye mfupa wenyewe. Ukisikia harufu mbaya, ukiona doa la unyevu linatokeza nje, au ukipata homa, rudi hospitali siku hiyohiyo wakate dirisha waangalie. Kuwasha kwenyewe kunapungua ukigonga hogo kwa nje kwa vidole, ukipuliza hewa baridi ndani, au ukimeza setirizini miligramu 10 usiku.

Usilikate. Maumivu huisha mapema kuliko mfupa unavyokomaa, na hapo ndipo vijana wengi wanapoponzeka. Wiki ya nne vipande vimeshikana kwa mfupa mchanga ambao bado unapinda. Ukisimama juu yake bila kinga, mguu unapinda polepole bila hata kuuma sana. Kidole cha mkono kinahitaji wiki 3 hadi 4, kifundo cha mkono wiki 6 hivi. Muundi wa mtu mzima ni wiki 12 hadi 16, na kama mfupa ulitoboa ngozi, zaidi ya hapo. Sababu ni kwamba upande wa mbele wa muundi umefunikwa na ngozi tu, hauna nyama ya kuuletea damu. Unachoweza kudai kwenye kliniki yako ijayo ni eksirei. Kama vipande vimetulia, daktari anaweza kukubadilishia hogo fupi linaloishia chini ya goti, uanze kukanyaga. Kukanyaga kwa kipimo kunausaidia muundi kuunga.

Magongo yako yapime upya, kwa maana tunaona wengi wanaoning'inia kwapani. Ukisimama wima, kichwa cha gongo kiwe vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na mpini uwe mahali ambapo kiwiko kinakunjika kidogo. Uzito ubebwe na viganja. Kuegemea kwapa kunabana neva, na mtu anaamka siku moja mkono hauinuki kwenye kifundo.

Makongoro kunywa tu kama unayapenda. Ule utelezi wake tumbo linausaga kuwa protini kama ya nyama au maharage, na protini mgonjwa wa mfupa anaihitaji. Kalsiamu inayotoka kwenye mfupa uliochemshwa ni kidogo. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wanakupa nyingi zaidi kwa bei ndogo, na glasi ya maziwa ina kama miligramu 300, wakati mtu mzima anahitaji 1,000 hivi kwa siku. Ila kuna kitu kimoja kinachochelewesha mfupa kweli, nacho hukukitaja: sigara. Kama unavuta, acha mpaka mfupa uunge.

Kwa wasomaji wengine wa bodaboda: mfupa ukitoboa ngozi, hata tundu dogo kama punje ya mchele, hilo ni jeraha la dharura. Antibaotiki ya sindano inatakiwa ndani ya saa ya kwanza kama inawezekana, pamoja na kinga ya pepopunda, halafu jeraha lioshwe chumba cha upasuaji. Kulishona juu juu kwenye zahanati na kumrudisha mtu nyumbani ni kufungia uchafu ndani.

Nikiteguka kifundo cha mguu uwanjani nitajuaje kama nimevunjika? Huku kwetu eksirei iko mbali na ni pesa.
*Mchezaji, Masasi*

Kuna kipimo cha mkono kilichobuniwa Ottawa, Kanada, na kinatumika duniani kote. Simama ujaribu kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea. Kisha bonyeza sehemu nne: ukingo wa nyuma wa mfupa uliochomoza upande wa nje wa kifundo, kuanzia ncha yake kupanda sentimita 6, vivyo hivyo upande wa ndani, mzizi wa mfupa wa kidole kidogo, pale katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, na kifundo cha mfupa kilichochomoza juu ya upinde wa ndani wa unyayo. Ukishindwa hatua nne, au sehemu yoyote kati ya hizo ikiuma mfupani, funga safari ukapige picha. Ukiweza kutembea na maumivu yakawa kwenye nyama mbele ya kifundo tu, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana. Kipimo hiki usikitumie kwa mlevi, kwa mtu mwenye ganzi miguuni kama baadhi ya wagonjwa wa kisukari, wala kwa mtoto mdogo.

Siku mbili za kwanza acha maji ya moto na chumvi. Joto linafungua mishipa na uvimbe unaongezeka. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20, kila saa mbili au tatu. Funga bandeji ya kuvutika kuanzia vidoleni kupanda juu, isiwe kinyume, na mguu uinuke juu ya usawa wa moyo. Siku ya tatu anza kuuchezesha: andika herufi zote hewani kwa kidole gumba cha mguu, mara tatu kwa siku. Ukiweza kusimama, simama kwa mguu huo mmoja unapopiga mswaki, asubuhi na jioni. Zoezi hili watu wanalidharau, na ndilo linalozuia kuteguka tena, kwa sababu kano iliyochanika inapoteza hisia ya kujua mguu umekaaje. Usirudi uwanjani mpaka uruke kwa mguu huo peke yake bila kuuma.

Bibi yetu ana miaka 76. Ameteleza bafuni, hawezi kusimama, mguu wa kulia umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje. Ndugu wanasema kwa umri huo asipasuliwe, aachwe apumzike kitandani.
*Mjukuu, Same*

Mguu mfupi uliogeukia nje baada ya mzee kuanguka ni nyonga iliyovunjika mpaka eksirei iseme vinginevyo. Ndugu wanamhurumia, lakini kitanda ndicho kinachomaliza wazee wa namna hii: nimonia, donge la damu linalotoka mguuni kwenda mapafuni, na vidonda vya mgongo na makalio. Mfupa ukivunjika kwenye shingo ya paja ndani ya kiungo, damu yake hukatika na mara nyingi hauungi hata ukiulaza miezi. Ndiyo maana huwekwa nusu ya nyonga ya bandia. Ukivunjika chini zaidi unawekewa chuma. Upasuaji ufanyike ndani ya saa 48 kama hali yake inaruhusu, na lengo ni akae kitini siku inayofuata, kisha asimame na kutembea kwa msaada.

Wakati mnatafuta gari, mwekeeni mto katikati ya miguu, msimvute mguu, mpeni maji (wazee hawa hufika hospitali wamekauka), na bebeni dawa zake zote, hasa za presha, kisukari na za kulainisha damu. Mkilazimika kukaa naye nyumbani usiku, mgeuzeni kidogo kila saa mbili na visigino visiguse godoro.

Wengine wenye wazee: bafu la saruji laini lenye sabuni, ndala zilizoisha soli na taa ya nje iliyoungua zinavunja nyonga nyingi. Bomba la chuma la kushika ukutani fundi analiweka kwa nusu siku.

Shikamoo daktari. Nina miaka 58, ni mama ntilie, nasimama siku nzima. Magoti yanauma na kulia kra kra nikipanda ngazi. Nimeambiwa ute umekauka, nile bamia kwa wingi. Pia kuna vidonge vya asili vya shilingi elfu sabini vilivyonisaidia ndani ya siku mbili. Niendelee navyo?
*Mama, Temeke*

Marahaba, mama. Bamia ni mboga nzuri, zile. Ila utelezi wa bamia haufiki gotini. Unaishia tumboni, na ute wa goti hutengenezwa na utando wa goti lenyewe. Tena goti linalouma kwa umri wako mara nyingi lina ute mwingi kuliko kawaida, ndiyo maana linajaa. Kilichopungua ni gegedu, ile sehemu laini inayofunika ncha za mifupa, pamoja na nguvu ya misuli ya paja inayolibeba goti.

Vidonge vinavyoponya magoti kwa siku mbili vitilie shaka kubwa. Dawa nyingi za namna hii, sehemu mbalimbali za dunia, zimekutwa zimechanganywa kwa siri na steroidi kama deksamethasoni au prednisoloni, au na dawa ya maumivu ya diklofenaki. Uso unaanza kuwa wa mviringo, presha na sukari vinapanda, mifupa inadhoofika, na ukiviacha ghafla baada ya miezi mwili unazimika. Kama umevinywa zaidi ya wiki tatu usivikatishe mwenyewe. Nenda navyo kwa daktari, na kopo lake.

Dawa ya kwanza ni paja. Kaa kwenye kiti kigumu, nyoosha goti mpaka mwisho, vuta vidole vya mguu vije upande wako, shikilia ukihesabu hadi 5, shusha polepole. Mara 10 kila mguu, raundi tatu kwa siku. Wiki mbili za mwanzo panauma kidogo. Maumivu yanayotulia ndani ya saa moja yavumilie. Faida inaonekana kuanzia wiki ya sita, kwa hiyo usikate tamaa ya tatu. La pili ni uzito: kila kilo moja unayopunguza inaliondolea goti kama kilo 4 za mzigo katika kila hatua. Pale kazini tafuta kiti kirefu cha kukalia unapokata vitunguu. Choo cha kuchuchumaa kiwekee kiti chenye tundu, na kama ni Mwislamu, swali umekaa. Ruhusa ipo kwa mwenye udhuru. Mkongojo ushikwe mkono ulio kinyume na goti linalouma zaidi. Wengi wanaushika upande uleule, wanalemea goti bovu.

Kwa maumivu, jeli ya diklofenaki ya kupaka ni salama kuliko vidonge vyake, vinavyotoboa tumbo na kuharibu figo vikigeuzwa chakula cha kila siku. Sindano ya steroidi gotini inatuliza wiki kadhaa, isizidi tatu au nne kwa mwaka. Ukipigwa eksirei omba upigwe umesimama. Picha ya mtu aliyelala inaonyesha nafasi ndani ya goti ambayo ukisimama haipo. Goti lililokwisha kabisa hubadilishwa, na upasuaji huo unafanyika hapa nchini, ikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI).

Usiku wa saa nane niliamka kidole gumba cha mguu kinawaka moto, hata shuka likigusa nalia. Baada ya wiki kikapona chenyewe. Sasa kimerudi mara ya tatu. Mama mkwe anasema nimekanyaga dawa ya mtu.
*Msomaji, Mwanza*

Unachokielezea ni jongo, na limejieleza lenyewe: kidole gumba, usiku, ghafla, kisha linapona na kurudi. Asidi ya yuriki ikizidi kwenye damu inaganda kuwa chembe kali ndani ya kiungo, na mwili unazishambulia. Kidole gumba kinaanza kwa sababu kiko mbali na moyo na kina baridi.

Likishambulia, dawa inywewe siku ileile. Ibuprofeni miligramu 400 mara tatu, au diklofenaki 50 mara tatu, baada ya chakula, mpaka litulie. Siyo kwa mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au moyo unaochoka. Kolchisini ni miligramu 1, kisha 0.5 baada ya saa moja, basi kwa siku hiyo. Wanaoendelea kumeza kila saa mpaka waharishe wanafuata maelekezo ya zamani. Mtu wa figo atapewa prednisoloni siku chache.

Mara ya tatu kwa mwaka inatosha kuanza alopurinoli, dawa ya kushusha asidi yenyewe. Hapa ndipo pana makosa mengi. Inaanza na miligramu 100, inapandishwa 100 kila wiki nne mpaka kipimo cha damu kishuke chini ya mikromoli 360 kwa lita (ni sawa na miligramu 6 kwa desilita). Miezi ya mwanzo jongo linaweza kuamka kwa sababu chembe za zamani zinayeyuka. Mgonjwa anaona dawa imemdhuru, anaitupa. Usiitupe. Kinachokufanya uiache mara moja na kukimbilia hospitali ni vipele au vidonda mdomoni. Usishangae pia kipimo kikisoma kawaida ukiwa katikati ya maumivu: rudia baada ya wiki mbili.

Chakula kina sehemu yake, ila figo zinazoshindwa kutoa asidi zina sehemu kubwa zaidi. Punguza bia kabla ya kitu kingine chochote, halafu maini, figo, soda za sukari na, pole sana kwa mtu wa Mwanza, dagaa. Maharage na maziwa kula. Kama unameza kidonge cha presha cha kukojosha, kwa mfano haidroklorothiazidi, mwambie daktari. Kinapandisha asidi na kina mbadala.

Tahadhari moja: kiungo kimoja kikivimba, kikawa cha moto, na mtu ana homa na kutetemeka, inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo. Huo unanyonywa kwa sindano na kupimwa siku hiyo. Ukisubiri wiki, gegedu imeliwa.

Nina miaka 32. Vidole vya mikono yote miwili vinavimba, asubuhi havifungi mpaka saa mbili zipite. Nimeambiwa ni baridi, nivae soksi na sweta.
*Msomaji, Njombe*

Ugumu wa asubuhi unaozidi saa moja, pande zote mbili, kwenye vifundo vya katikati na vya mizizi ya vidole, kwa zaidi ya wiki sita: hii ni baridi yabisi mpaka ipimwe. Hali ya hewa ya Njombe inaongeza maumivu lakini haisababishi ugonjwa. Ni kinga ya mwili inayoshambulia viungo. Omba vipimo vya damu vya RF, anti-CCP na ESR, na eksirei ya mikono. Dawa kuu ni methotreksati, na inamezwa mara moja kwa wiki. Watu wamekufa kwa kuimeza kila siku. Chagua siku, tuseme Jumamosi, iandike kwenye paketi. Siku nyingine unameza foliki asidi. Usishike mimba ukiitumia. Anza mapema, kwa sababu kidole kikishapinda dawa hainyooshi.

Mwanetu ana miaka 4, ana matege, na mdogo wake wa mwaka na nusu anaelekea hukohuko. Tunaishi karibu na Maji ya Chai. Tumkande miguu?
*Baba, Arumeru*

Kumkanda hakunyooshi mfupa. Huyu mdogo pengine hana tatizo: watoto wengi huwa na matege mpaka karibu miaka 2, miguu inanyooka, halafu miaka 3 hadi 4 magoti yanagusana, kisha inakaa sawa ikifika miaka 7. Wa miaka 4 mwenye matege ndiye anayetakiwa kuangaliwa. Mlaze chali, unganisha vifundo vya miguu, pima nafasi kati ya magoti kwa rula. Ikizidi sentimita 6, au mguu mmoja umepinda kuliko mwingine, au anachechemea, mpelekeni apigwe eksirei ya magoti na kifundo cha mkono, na apimwe kalsiamu, fosfeti na ALP (kimeng'enya kinachopanda mifupa ikiwa na shida) kwenye damu.

Kama ni matege ya upungufu, tiba ni vitamini D na kalsiamu miligramu 500 kwa siku, kwa siku 90 angalau, na mfupa wa umri huu unajinyoosha vizuri. Watu husema mtoto wa Afrika hapungukiwi vitamini D kwa kuwa jua lipo. Ni kweli kwa sehemu, lakini uchunguzi uliofanyika Nigeria umeonyesha watoto wenye matege ambao kilichopungua ni kalsiamu: wanakula uji na ugali, maziwa hawayaoni.

Mahali mnapokaa kuna jambo jingine. Maji ya miteremko ya Meru yana floraidi nyingi inayotoka kwenye mawe ya volkano. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Vyanzo kadhaa kuanzia hapo kwenda Ngurdoto vinazidi mara nyingi. Meno ya kahawia mnayajua. Mifupa nayo inaathirika, hasa kwa mtoto anayekua, na huko Arumeru magadi ya kulainishia maharage na makande yanaongeza floraidi juu ya ile ya maji. Acheni magadi kwanza, ni hatua isiyo na gharama. Kuchemsha maji hakusaidii. Maji yanapungua, floraidi inabaki, kwa hiyo inazidi kukolea. Maji ya mvua kutoka bati safi ndiyo bora ya kunywa na kupikia uji wa watoto. La sivyo tumieni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, lililofanyiwa kazi miaka mingi katika kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto. Mkaa huo huchoka, ubadilishwe kwa ratiba mtakayopewa.

Niliwekewa msumari ndani ya paja miaka miwili iliyopita. Mfupa umeunga. Lazima utolewe? Baridi ikija unauma.
*Msomaji, Iringa*

Si lazima. Msumari wa ndani unaweza kukaa maisha yote, na mashine za usalama za uwanja wa ndege zikilia unaeleza tu. Unatolewa ukisugua nyama kwenye nyonga au goti, parafujo ikichomoza chini ya ngozi, au kukiwa na usaha. Maumivu ya baridi yanayokuja na kuondoka hayatoshi kuwa sababu, lakini maumivu mapya yanayoongezeka kila ukikanyaga yapigiwe picha: huenda parafujo imekatika au mfupa haukuunga vizuri kama ilivyodhaniwa. Ukiamua kuutoa, jua kwamba matundu ya parafujo yanaacha mfupa dhaifu kwa muda. Kutembea unaruhusiwa mapema, ila mpira, kuruka na kubeba magunia subiri wiki 6 hadi 12, kama daktari aliyekutoa atakavyopanga.